Stori ya Ilizarov, Daktari wa Ocha Aliyefunza Mfupa Kukua

Ukikaa steji ya boda pale Kapsoit, mahali barabara ya Sondu inachomoka kwa ile ya Kericho kwenda Kisumu, si ajabu kuona msee ameegemea mkongojo, suruali imepasuliwa upande mmoja, mguu umezungushiwa ringi za chuma na nati. Watoi wanamkodolea macho kama roboti. Mvua ya huku haina ratiba, nduthi zinateleza, na mguu ndio huumia kwanza. Wengi tukiona hizo vyuma tunaona mateso tu. Kumbe mara nyingi ndizo zimeokoa mguu usikatwe.

Hizo ringi zina mwenyewe. Anaitwa Gavriil Ilizarov, na hakuwa sonko wa hospitali kubwa.

Alizaliwa 1921 kule Białowieża, Poland, halafu familia ikahamia Qusar, milima ya Azerbaijan. Ilikuwa familia ya kusota kabisa. Fathee alikufa mapema, yeye ndiye kifungua mimba wa watoto 6, shule akaanza akiwa amechelewa. Lakini kichwa kilikuwa chepesi, akafika chuo cha udaktari cha Crimea. Vita Kuu ya Pili ikafukuza chuo chote mpaka Kazakhstan, na 1944 akamaliza masomo hukohuko.

Serikali ikamtupa Dolgovka, kijiji cha Siberia, mkoa wa Kurgan. Ocha ya ocha. Daktari mmoja, magonjwa yote. Vita ikaisha, wanajeshi wakarudi na mifupa iliyokataa kushikana. Dawa ya siku hizo ilikuwa plasta na kitanda, miezi na miezi. Wengine walitoka hapo na mguu mfupi, wengine bila mguu.

Ilizarov akajiuliza swali la fundi: mbona tusishike mfupa kutoka nje, mtu asimame na atembee ukiendelea kupona? Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akitazama farasi akivuta mkokoteni, jinsi lile tao la shingoni linavyokaza miti miwili. Akajaribu kwanza na mpini wa mbao uliovunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtambo ukawa tayari.

Cheki vile unafanya kazi. Waya nyembamba, karibu milimita 1.5 hadi 1.8, zinapitishwa ndani ya mfupa zikipishana kama msalaba. Kila waya inavutwa ikakazwa kwa ringi. Ni kama spoku za baiskeli: moja peke yake inapinda, lakini zikikazwa zote zinabeba mtu na gunia lake. Ringi zinaunganishwa na fito za skurubu na nati. Mguu umepinda? Unaweka bawaba na kuunyoosha kidogo kidogo. Umejizungusha? Unabadilisha mpangilio. Vipande ni vilevile, lakini kila mgonjwa anajengewa wake, na marekebisho mengi yanafanywa kwa spana bila kupasuliwa tena.

Halafu kukatokea kisanga. Inasemekana mgonjwa mmoja alitakiwa kukaza nati ili mifupa isukumane, yeye akazizungusha upande mbaya, mifupa ikaachana. Ilizarov alipoangalia, akakuta mfupa mpya umeanza kuota kwa ile nafasi. Akarudi maabara, akajaribu kwa wanyama tena na tena, mpaka akapata mwendo wake: milimita 1 kwa siku, igawanywe mara 4. Ukiharakisha, pengo halijai. Ukizubaa, mfupa unafunga kabla ya wakati. Ukienda pole pole, mfupa, nyama, mishipa na ngozi vyote vinakua pamoja.

Hapo ungedhani Moscow ilimbeba juu juu. Wapi! Mabuda wa mjini walimwona fundi wa vyuma aliyejiingiza kwa udaktari. Miaka ikapita, yeye anatibu tu Kurgan.

Mtu aliyebadilisha mambo aliumia kwa nduthi. Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, dhahabu ya Tokyo 1964, rekodi ya mita 2.28. Oktoba 1965 alikuwa amebebwa kwa pikipiki, ikaanguka, mguu wa kulia ukasagika. Alipasuliwa mara nyingi bila kupona. Mwaka 1968 akafunga safari mpaka Kurgan. Baadaye alirudi uwanjani na kuruka tena zaidi ya mita 2. Hapo hakuna buda angebisha. Mwaka huohuo Ilizarov alipewa udaktari wa juu wa sayansi, na 1971 Kurgan ikapata taasisi yake.

Magharibi ilichelewa zaidi. Mwaka 1980 Carlo Mauri, msafiri maarufu wa Italia aliyekuwa na mguu mbovu kwa miaka mingi, alienda Kurgan akarudi akitembea vizuri. Madaktari wake wakashangaa, na 1981 wakamwalika Ilizarov Italia awafundishe. Kutoka hapo mtambo ukasambaa dunia nzima. Yeye alibaki Kurgan, akafia huko Julai 1992.

Sasa, si kila chuma cha nje ni cha Ilizarov. Kuna zile za fito upande mmoja, zinazowekwa haraka mguu ukipasuka vibaya. Ringi ni za ngori kubwa: mfupa uliopotea, uliopinda, au uliokataa kushikana. Na zinataka subira. Kila sentimita 1 ya mfupa mpya inaweza kula mwezi mzima au zaidi mpaka ikomae. Pengo la sentimita 5 ni karibu nusu mwaka bila kushika usukani.

Kwa hivyo ukimpata msee wa ringi pale steji, usimuulize mbona hospitali inamchezea. Muulize kama amezungusha nati zake leo, kama matundu ya waya ni masafi, kama kuna usaha wa kuonyesha daktari mapema. Mkimchangia, hesabuni miezi, si wiki. Daktari anafunga ringi mara moja. Zile robo milimita za kila siku ni kazi ya mwenye mguu, na ya mtu wa kumkumbusha.