Kaburi Kando ya Njia: Maisha ya Rosine Krapf

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 23:1–4, Mwanzo 35:16–20, Ruthu 1, Yohana 12:20–26, 1 Wathesalonike 4:13–18.

Fungu la Kukariri: Yohana 12:24. Lisomeni pamoja darasani kutoka katika Biblia zenu.

Kila Muadventista anaujua mwaka 1844. Tukiutaja, mawazo yetu huenda Marekani, kwa waumini waliomngojea Bwana hadi tarehe 22 Oktoba, wakalia usiku kucha alipokuwa hajaja. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 16, Ellen Harmon, ambaye baadaye tulimfahamu kama Ellen White.

Lakini mwaka huohuo, miezi mitatu kabla ya siku ile, kulikuwa na kilio kingine, karibu zaidi na kwetu. Mombasa, mama mgeni alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Siku mbili baadaye mtoto naye akafa. Mama huyo alikuwa Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf. Jina la mumewe limo katika vitabu vya historia ya shule. La Rosine hutajwa kwa mstari mmoja, kisha msomaji anafunua ukurasa. Juma hili hatutaharakisha kuufunua.

JUMAPILI: Binti wa Basel

Rosine Dietrich alitoka Basel, mji wa Uswisi ulio kando ya mto Rhine. Mji huo ulikuwa na chuo kilichofundisha vijana wa Ulaya kazi ya utume, na Krapf, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810, alikuwa mmoja wa waliosoma hapo. Kwa hiyo habari za wamisionari, za kwenda kwao na za kufa kwao, hazikuwa ngeni masikioni mwa Rosine.

Hazikuwa ngeni hata moyoni mwake. Mchumba wake wa kwanza alikuwa mmisionari aliyeanza safari ya kwenda Uhabeshi, nchi tunayoiita leo Ethiopia. Alifariki njiani, kabla hawajaoana. Binti wa kawaida angesema kwamba hilo limetosha. Lakini Krapf, aliyekuwa amefanya kazi Uhabeshi tangu miaka ya 1830, alipomwomba awe mke wake, Rosine alikubali. Alisafiri kutoka kwao hadi Misri, na walioana Alexandria mwaka 1842.

Soma Ruthu 1:14–18. Ruthu alikuwa amekwisha kuonja msiba kabla ya kuchagua njia ya ugenini. Hakwenda kwa kutojua. Je, kuna tofauti gani kati ya imani ya mtu ambaye hajaumia bado na imani ya mtu aliyeumia, kisha akaendelea?

JUMATATU: Chozi la Jangwani

Nia yao ilikuwa kurudi Uhabeshi. Mlango wa Shoa, Krapf alikokuwa akifanya kazi, ulikuwa umefungwa. Mwaka 1843 walijaribu kuingia kwa njia ya Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu, lakini wakazuiwa. Katika jangwa la Washoho, mbali na mji na mbali na mkunga, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi kwa muda wa saa moja hivi. Baba yake alimpa jina Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Walimzika kule jangwani. Hawakuweza kukaa na kuomboleza kama ipasavyo, kwa sababu msafara ulipaswa kuendelea. Wanawake wengi wa huku Ngulyati wanajua jinsi ilivyo kuzika mtoto na kurudi shambani kabla machozi hayajakauka, kwa sababu mvua haingoji. Rosine alikuwa mmoja wao.

Novemba mwaka huo waliondoka Aden kwa jahazi kuelekea kusini. Chombo kilivuja, maji yakaingia, na walikuwa karibu kuzama walipookolewa. Walirudi Aden, wakapata chombo kingine, wakaondoka tena mwezi uleule. Tarehe 7 Januari 1844 walifika Unguja.

Soma Zaburi 56:8. Zaburi hii inatufundisha nini kuhusu machozi ambayo hayakushuhudiwa na mtu yeyote?

JUMANNE: Mgeni Katika Nchi ya Mgeni

Unguja ilikuwa makao ya Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar. Aliwapokea kwa heshima, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei 1844 mume na mke walikuwa wamekaa Mombasa.

Tujaribu kuiona nyumba ile. Rosine ana mimba ya pili. Hana mama, hana dada, hana shangazi wa kumwelekeza. Lugha inayosemwa dirishani ni Kiswahili, na yeye ameanza tu kuisikia. Joto la pwani si la Basel. Tarehe 8 Juni mumewe alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mke anakaribia kujifungua, na katika nyumba hiyohiyo Neno la Mungu linaanza kupata sauti ya Kiswahili.

Wako wanawake kama Rosine katika makanisa yetu. Binti anaolewa mbali, anahamia na mume na ng'ombe hadi Katavi au Morogoro; au anakuja huku Bariadi kutoka mkoa mwingine, hajui Kisukuma, na watu wanamwita mgeni hata baada ya watoto watatu. Soma Kumbukumbu la Torati 10:18, 19. Mungu haamuru tu kwamba mgeni asionewe. Anaamuru apendwe.

Je, ni nani mgeni katika kanisa lenu? Ni lini mara ya mwisho mtu wa darasa hili alikwenda kumtembelea nyumbani kwake?

JUMATANO: Siku Tisa za Julai

Mwanzoni mwa Julai Krapf alishikwa na homa kali. Tarehe 6 Rosine alijifungua mtoto wa kike. Siku tatu baadaye homa ilimpata na yeye. Mume na mke walilala wagonjwa katika nyumba moja, kila mmoja akishindwa kumsaidia mwenzake.

Rosine alijua kwamba anakufa. Aliomba kwa ajili yake mwenyewe, kwa ajili ya kazi ya injili katika Afrika Mashariki, na hata kwa ajili ya Sultani, ili Mungu auelekeze moyo wake kwenye mema ya watu wake. Alimsihi mumewe asiiache kazi. Alimwomba pia asimsifu baada ya kufa kwake. Aidha, alitaka kuzikwa bara, si kisiwani, kando ya njia wanayopita Wanyika, ili kaburi lake lizidi kuwahubiria yeye atakapokuwa amenyamaza.

Alifariki Jumamosi, tarehe 13 Julai 1844. Krapf alikuwa dhaifu kiasi kwamba aliinuka kitandani kwa shida ili kuhakikisha kuwa kweli mkewe amekufa. Siku iliyofuata alizikwa ng'ambo ya kisiwa, mahali panapoitwa leo Nyali. Tarehe 15 mtoto naye alifariki, akalazwa karibu na mama yake.

Soma Mwanzo 35:16–20. Raheli naye alikuwa mke mpendwa, mama, na mtu aliyehama nchi ya baba yake. Naye alikufa kwa uzazi safarini, akazikwa kando ya njia, na Yakobo akasimamisha nguzo. Biblia haifichi habari hiyo wala haiipambi.

Sisi nasi tusiipambe. Wapo watakaouliza kama ilikuwa haki kumpeleka mwanamke mwenye mimba mahali pale, baada ya yale yaliyotokea jangwani. Ni swali la haki, na wanaume wa darasa wasilikwepe. Bidii kwa kazi ya Mungu haimwondolei mume wajibu wa kumtunza mkewe (Waefeso 5:28, 29). Ni kweli kwamba wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua kuwa malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa miaka zaidi ya 50 baadaye. Sisi tunajua. Tuna kliniki, tuna vidonge vya kinga kwa wajawazito, tuna vyandarua vyenye dawa. Mume anayetumia chandarua kufugia kuku au kufunikia bustani, au anayemchelewesha mkewe kwenda kujifungulia kituo cha afya, hawezi kusema kwamba hakujua.

ALHAMISI: Usingizi na Asubuhi

Baada ya mazishi Krapf aliiandikia kamati ya chama chake cha utume huko London. Hakuomba arudishwe. Aliwaeleza kwamba sasa lipo kaburi la mjumbe wao katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa mapambano na sehemu hii ya dunia yameanza.

Aliendelea kutafsiri. Mwaka 1846 mwenzake, Johannes Rebmann, aliwasili, na pamoja walianzisha kituo cha Rabai. Krapf aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, hizihizi tunazosoma, na kamusi yake kubwa ilichapishwa mwaka 1882. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1881 nchini Ujerumani. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Karibu na kaburi la Rosine, katika miaka ya 1870, kilianzishwa kijiji cha Frere Town, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista, Ehlers na Enns, walifika Upare, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ujumbe ulikuwa umeingia Usukuma.

Rosine hakuona hata kimoja cha hivyo. Hapa imani yetu inatupa neno la pekee. Katika misiba yetu husemwa kwamba marehemu anatutazama, na wengine huogopa kwamba asipotambikiwa atakasirika. Soma Mhubiri 9:5, 6 na Yohana 11:11–14. Rosine hatutazami wala hana kinyongo. Amelala. Hajui kwamba Kiswahili kimejaa Biblia kutoka Mombasa hadi Kongo. Atakapoitwa, sekunde moja kwake itakuwa imepita tangu homa ile, na habari zote atazisikia kwa mara ya kwanza.

Kwa sababu hiyo kumkumbuka marehemu si kumtumikia. Ni kumshukuru Mungu kwa alichofanya kupitia kwake, na kuendelea na kazi aliyoiacha.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Rosine aliomba asisifiwe. Tumejitahidi kumtii. Hatujasema kwamba alikuwa mtakatifu kuliko wengine, bali kwamba aliitwa akaenda, akapoteza akaendelea, na alipokufa aliwaombea watu ambao hakuwahi kujifunza majina yao. Wazee wetu waliisikia injili kwa sababu watu wa namna hiyo walitangulia. Tukifungua Biblia ya Kiswahili kesho asubuhi, tukumbuke kwamba kazi ya kuitafsiri ilianza katika nyumba ambamo muda mfupi baadaye palikuwa na msiba.

Maswali ya Kujadili:

1. Ibrahimu alijiita mgeni na msafiri alipotafuta mahali pa kumzika Sara (Mwanzo 23:4). Kuwa na kaburi katika nchi ya ugeni kunabadilishaje uhusiano wa mtu na nchi hiyo?

2. Tunapoandaa wasifu wa marehemu, tunawezaje kusema kweli bila kumpamba na bila kumvunjia heshima?

3. Ni akina mama gani waliojenga kanisa lenu la mahali, ambao majina yao hayakuandikwa popote? Watajeni darasani, mmoja mmoja, na mmoja wenu ayaandike.

4. Darasa lenu litafanya jambo gani moja, juma hili, kwa mama mjamzito aliye mgeni kijijini?