Mandara, Mangi Aliyegombea Wageni wa Kilimanjaro

Anayetoka Mombasa kwenda kuutazama mlima Kilimanjaro kwa njia ya Voi na Taveta hukabiliwa na swali moja mara tu avukapo mpaka pale Holili: alale wapi? Wako wasemao Moshi mjini, penye misikiti, nyumba za wageni za kila bei na chakula kisichotia shaka. Wako wasemao Marangu, kwenye migomba na baridi ya mlimani, karibu na lango la hifadhi. Na wale waliokusudia kupanda kwa njia hiyo ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, kwenye vibanda vya mbao vilivyo kiasi cha mita 2,700 juu ya bahari.

Mimi sitaki kumchagulia msomaji. Nataka kumsimulia habari za mtu ambaye jina lake limepewa vibanda hivyo, kwani swali hili la mahali pa kufikia ndilo lililompandisha, na ndilo lililomshusha.

Mtu huyo ni Mangi Rindi wa Moshi. Kwao Uchagani huitwa Rindi. Mandara ndilo jina walilomjua kwalo watu wa misafara ya pwani. Moshi yake haikuwa mji huu wa leo. Ilikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa sasa Old Moshi. Mji wa leo ulikua chini, kwenye tambarare, baada ya Wajerumani kuifikisha reli ya kutoka Tanga.

Rindi alikuwa na jicho moja, na Kiswahili alikijua vizuri. Nchi yake ilikuwa ndogo, na jirani yake, Mangi Sina wa Kibosho, alikuwa na nguvu kumshinda. Basi akatafuta nguvu kwa wageni. Kila msafara uliopanda kutoka pwani alitaka ufikie kwake na si kwingine, maana mgeni huja na nguo, shanga, bunduki na baruti, na hatoki bila kutoa hongo. Wala tusifichane: mateka wa vita vyake waliuzwa kwa misafara hiyo, na walionunua walikuwa watu wa kwetu. Hesabu hiyo haimhusu Rindi peke yake.

Mwaka 1871 alifikiwa na Charles New, mmishonari aliyekuwa akikaa Ribe, nyuma ya Mombasa. Kwa idhini ya Rindi, New alipanda mpaka akaigusa theluji. Lakini aliporudi Moshi mara ya pili, mwenyeji wake alimnyang'anya mali yake, naye akafariki mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Habari hiyo ilienea. Mwaka 1884 akaja Harry Johnston, Mwingereza, akapiga kambi Moshi. Haukupita muda mrefu wakakosana, na Johnston akahamia Taveta. Alipotaka tena kupanda mlima, alipitia Marangu.

Huko Marangu palikuwa na Mangi Marealle, kijana mwenye akili nyingi, aliyekuwa akiyatazama yote hayo. Yeye aliwapokea wageni kwa upole na kuwaacha waondoke na mizigo yao. Matokeo yake ni kwamba Hans Meyer, Mjerumani, alifanya kituo chake Marangu, na kutoka huko yeye na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Aliyekaa nao katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, alikuwa Mwini Amani, mpishi wao. Tangu hapo njia ya Marangu ikawa ndiyo njia ya wageni.

Katika mambo ya serikali pia Rindi alitafuta mgeni mwenye nguvu. Mwaka 1885 Sultan Barghash wa Unguja alimtuma Jenerali Mathews, na Rindi akaikubali bendera ya Sultan. Muda mfupi baadaye akaja Mjerumani Karl Jühlke, na Rindi akatia mkono mkataba wake vilevile. Wengine humwona kigeugeu. Mimi naona alikuwa mtu mwenye adui mkubwa mlangoni, akishika kila mkono ulionyoshwa. Mwaka 1889 alipeleka wajumbe mpaka Berlin. Mapema mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Sina, na watu wa Rindi wakawa upande wao.

Lakini mwaka huohuo Carl Peters aliihamisha stesheni ya Wajerumani kutoka Moshi, akaipeleka Marangu kwa Marealle. Rindi akafa mwaka huo wa 1891. Mwanawe, Meli, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na mwaka 1900 wakamnyonga.

Wajerumani walipojenga vibanda vya wapandaji kwenye njia ya Marangu, kimoja walikiita Bismarck na kingine wakakiita Peters, kwa jina la yuleyule aliyehamisha stesheni. Baadaye majina hayo yaliondolewa. Cha Bismarck kikawa Mandara. Cha Peters kikawa Horombo, kwa jina la mangi mashuhuri wa upande wa Rombo. Hivyo mgeni anayefikia Marangu, nchi ya Marealle, hulala usiku wake wa kwanza mlimani chini ya jina la Rindi, aliyewapoteza wageni hao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifikia Marangu hutakosa, na ukifikia Moshi mjini hutakosa. Ila ukiwa na siku moja ya ziada, panda Old Moshi. Huko ndiko alikokaa Rindi, na huko ndiko wenyeji watakuonyesha mti aliponyongewa mwanawe.