Sokoine, suti ya Kaunda na rubega

Leo nataka kumuongelea Edward Moringe Sokoine, lakini sio yale ya kila tarehe 12 Aprili. Nataka kumuangalia kwa upande wa nguo. Msicheke kwanza.

Huyu bwana kazaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, mtoto wa wafugaji wa Kimasai. Wengi hata hapa mjini hawajui kwamba kasoma huku kwetu mlimani. Alikuwa Umbwe sekondari, kule Kibosho. Baridi ya Umbwe mnaijua, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba. Nyumbani boma na shuka, shuleni sare. Mimi naona maisha yake yote yalienda hivyo hivyo, nguo mbili kwa mtu mmoja.

1961 akajiunga na TANU. Akaenda Ujerumani kusomea utawala, akarudi kufanya kazi wilaya ya Masai, na 1965 akawa mbunge wa huko huko. 1967 akapewa unaibu waziri. Alikuwa bado hajafika miaka 30.

Sasa hapa ndipo penye habari. Mwaka 1968 serikali mkoani Arusha iliendesha kampeni ya kuwavalisha Wamasai nguo za kisasa. Shuka, ngozi na kujipaka udongo mwekundu vikaonekana aibu kwa taifa changa. Mmasai aliyevaa rubega anakataliwa kupanda basi! Yaani mzee anatoka porini na ng'ombe wake, anafika barabarani anaambiwa akavae suruali kwanza. Na mbunge wa mzee huyo yuko serikalini, kavaa suti.

Picha za Sokoine za kazini wengi tumeziona: ile suti ya Kaunda, kiongozi hasa wa enzi za Mwalimu. Wapo watakaosema alivaa walivyovaa wakubwa wenzake. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Waliotaka Mmasai aonekane wa nyuma walikuwa na kazi ngumu kweli pale Mmasai alipokuwa Waziri wa Ulinzi 1972 na Waziri Mkuu 1977. Ila pia sijidanganyi. Suti yake ilifungua mlango ambao rubega ya baba zake ilikuwa imefungiwa.

Na hili sio la Waafrika peke yetu. Huko Uskoti wanaume wa milimani wana vazi lao, kilti, ile sketi ya mirabaraba inayofanana sana na shuka la Kimasai. Mwaka 1746 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mavazi yao kwa sheria, ikaja kuyaruhusu 1782. Leo wenyewe kwa wenyewe wanabishana: wapo wanaotaka kilti ivaliwe kamili na koti lake, mkoba wa kiunoni na soksi ndefu, na wapo vijana wanaoitupia na fulana na mabuti wanaenda zao mpirani.

Hapa Moshi ubishi ni ule ule. Kijana ananunua jinzi pale soko la Memorial, anatupia shuka begani kama skafu, anasema kavaa kiasili. Mmasai mlinzi yuko kamili: rubega, mkanda, sime, fimbo, katambuga. Juzijuzi nilishuhudia mzee mmoja aliyevaa hivyo akizuiliwa mlangoni kwenye hoteli moja, jina siweki, huku wahudumu ndani wamefungwa mashuka yale yale ili wazungu wafurahi! Kampeni ya 1968 ilififia zamani, lakini mlangoni pale naona bado ipo.

Tuendelee na mzee wetu. Uwaziri Mkuu aliuacha 1980, akaenda masomoni Yugoslavia, akarudishwa Februari 1983. Nchi wakati ule haina sabuni, haina sukari, hata kanga ni ya kutafuta kwa foleni. Akawavaa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa bidhaa usiku. Wapo walioonewa pia, hilo tusilifiche. Mwaka huo huo ndio mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa Dar, hizi daladala.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kurudi Dar, akafa kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Miaka 45 tu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa. Akazikwa Monduli Juu, kwao, kwenye watu wa rubega.

Sasa wadau, bwana harusi wa Kichaga akiingia kwenye sendoff kavaa rubega juu ya jinzi na raba nyeupe, anawaheshimu Wamasai au anawatania? Wamasai mliomo humu semeni wenyewe, sisi wengine tumeshasema sana.

Nawasilisha.