Bibi Titi Mohamed na miaka minne ya skuli



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Taala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Wazazi wenzetu, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kila inapofika miezi ya mwisho ya mwaka wako mabinti wanaokimbia makwao. Hukimbilia nyumba za hifadhi, kama zile za Masanga na Mugumu, ili wasikeketwe, kisha wakaozwa kwa ng'ombe na masomo yakaishia hapo. Sheria ya nchi imekataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini mila bado ina nguvu. Sisi wa visiwani tukizisikia habari hizi hudhani ni za watu wa mbali. Ndiyo maana tumeona tukumbushane maisha ya mama wa Kiislamu wa pwani yetu, Bibi Titi Mohamed, ambaye naye kidogo tu akose kusoma.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakutaka aende skuli ya Serikali, akikhofu kuwa binti atatolewa katika dini. Tusimcheke mzee yule. Zama zile skuli nyingi zilikuwa za wamishionari, na khofu yake ilikuwa na sababu. Hapa Unguja skuli ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na wazee wetu wengi walisita kwa khofu hiyo hiyo. Baba alipofariki, mama yake akamwandikisha. Akasoma miaka minne tu. Alipobaleghe akawekwa ndani, na akiwa na umri wa miaka 14 hivi akaozwa mume aliyemzidi sana kwa umri. Akapata binti mmoja, na ndoa ile haikudumu.

Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa, chama kilitafuta mwanamke wa kuongoza wanawake wenziwe, na yeye ndiye aliyechaguliwa. Alikuwa akijulikana mjini kwa kuongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma, na kwa vikundi hivyo akawafikia wanawake nyumbani kwao. Hatuandiki haya kusifu kila alilolifanya. Mja hakosi upungufu. Lakini katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga na chama, kabla ya wanaume wengi waliokuwa wakikhofia kazi zao za Serikali. Akasimama mbele ya umma akihutubia, na baadaye akazunguka nchini kuwahamasisha watu.

Baada ya uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962, akawa mbunge na naibu katika Serikali. Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1965 alikosa kiti cha Rufiji. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alijiuzulu uongozi wa chama, kwa kuwa hakukubali viongozi wakatazwe kupangisha nyumba zao. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, na ingawa alizikanusha, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alisamehewa mwaka 1972, akaishi kwa ukimya miaka mingi, wengi waliomjua wakiwa wamemkimbia. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Allah amrehemu.

Ndugu zetu, tujiulize: ingekuwaje lau mama yule naye angekhofu? Miaka minne ya skuli ilitosha kumsimamisha binti wa watu wa kawaida mbele ya taifa zima.

Na dini yetu haikumfungia binti mlango wa elimu. Bi Shifaa bint Abdillah alimfundisha kuandika Bi Hafsa, mke wa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam), naye Mtume akaliridhia hilo. Bi Khansaa bint Khidaam alipolalamika kuwa baba yake amemuoza bila ya ridhaa yake, Mtume aliibatilisha ndoa ile. Na Suratun-Nisaa, aya ya 4, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao wenyewe. Si ya baba, wala si ya kumlipia kaka yake mahari ya mke wake. Ng'ombe wa Tarime na mahari yanayoliwa na wazee hapa kwetu ni dhulma moja.

Sisi wenyewe, tuliokaa miaka mingi madrasani na chuoni, tumewahi kuona binti hodari akiondolewa darasani ili aozwe au alee wadogo zake, huku kaka yake akiendelea kusoma, nasi tukanyamaza. Tunamuomba Allah maghfira kwa ukimya ule.

Basi matokeo ya mitihani yatakapotoka, mzazi, mtazame binti yako kama unavyomtazama mwanao wa kiume. Akifaulu, msomeshe. Akiposwa, muulize, na umsikilize.

Wabillahi tawfiq.