Faraday: Mwana wa mhunzi aliyeuvisha waya nguo

FUNDI wa Wote au Kitui anayesuka upya mota ya pampu ya kisima hutangulia kukata karatasi ya kuhami. Huitandika ndani ya mifuo ya chuma, ndipo azungushe waya uliopakwa enameli, kwa idadi ile ile ya mizunguko aliyoihesabu alipoubomoa msuko ulioungua. Miongoni mwa waasisi wa kazi hiyo ni Michael Faraday.

Alizaliwa Septemba 22, 1791, karibu na jiji la London, Uingereza. Babaye alikuwa mhunzi maskini, na shuleni kijana huyo hakupata zaidi ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjalidi wa vitabu kujifunza kazi, akawa anavisoma vitabu alivyovishona.

Mnamo 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia mashuhuri, Humphry Davy. Aliyaandika aliyoyasikia, akayajalidi na kumpelekea. Machi 1813, Davy alimpa kazi ya usaidizi katika maabara ya Royal Institution.

Agosti 29, 1831, Faraday alichukua pete ya chuma yenye upana wa takriban sentimita 15, akaizungushia koili mbili, kila moja upande wake. Waya wake wa shaba ulikuwa mtupu. Iwapo mizunguko ingegusana, umeme ungekatiza njia na kuleta shoti. Kwa hivyo alipitisha uzi mnene baina ya mizunguko, na kutenga tabaka moja na jingine kwa kitambaa cha pamba.

Alipounganisha koili ya kwanza na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa kwenye waya wa koili ya pili iliruka, kisha ikatulia. Alipoikata betri, iliruka tena. Umeme ulikuwa umezaliwa katika koili ya pili, ilhali koili hizo hazikugusana. Transfoma zilizoko juu ya nguzo kutoka Mwingi hadi Kibwezi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Faraday alikataa cheo cha heshima cha Sir, na mara mbili akakataa urais wa Royal Society. Alifariki Agosti 25, 1867, akiwa na umri wa miaka 75.

Uzi na kitambaa vyake vimeachia nafasi enameli, karatasi na vanishi, lakini hatari ni ile ile. Fundi akiiruka karatasi ili kupunguza gharama, waya huweza kugusa gamba la mota. Pasipo waya wa ardhini, atakayelipa gharama hiyo ni yule anayekuja kisimani kuteka maji.