GRACE HOPPER, BIBI ALIYEIFUNZA TARAKILISHI KUFASIRI

Katika kurasa hizi za chama chetu tumezoea kusoma habari za akina Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza na Dedan Kimathi. Hao ni wakubwa, sina ubishi. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi nikuletee mtu wa mbali kidogo, bibi wa Kimarekani aliyefariki kabla hata wazazi wangu hawajaoana. Mwalimu mlezi wa chama aliniuliza bibi huyo anahusikaje na Kiswahili. Nilimwomba asome hadi mwisho, na wewe nakuomba hivyo hivyo.

Alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Hopper ni jina la mwanamume aliyemwoa mwaka wa 1930. Waliachana mwaka wa 1945, lakini jina akabaki nalo. Akiwa na umri wa miaka saba aliifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Ikamshinda kuirudisha, akafungua ya pili, akafungua ya tatu, mpaka saa saba zote za pale nyumbani zikawa vipande vipande. Mamake alipogundua alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Huku kwetu nadhani mambo yangekuwa mengine kabisa, na kiboko kingehusika.

Alipotimu miaka kumi na sita, yaani umri wangu huu, aliomba nafasi katika chuo cha Vassar akakataliwa. Sababu haikuwa Hisabati. Alama zake za Kilatini zilikuwa duni! Mtu ambaye angekuja kuwa fundi wa lugha za mashine aliangushwa na lugha. Akangoja mwaka mmoja, akajaribu tena, wakamchukua. Alihitimu mwaka wa 1928 katika Hisabati na Fizikia, akaendelea Yale na kupata shahada ya uzamili mwaka wa 1930, kisha ya udaktari wa Hisabati mwaka wa 1934. Wakati huo alikuwa tayari anafundisha pale pale Vassar walikomkataa.

Basi vita vikaja. Desemba 1941 Japani ilipoishambulia Marekani huko Pearl Harbor, bibi Grace alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji, manake babu wa mmoja wa wazazi wake alikuwa admirali. Wakubwa wakamwambia umri umempita, na isitoshe ni mwembamba mno, amepungukiwa na ratili 15 hivi, karibu kilo saba. Yeye akazidi kuwasumbua mpaka akapewa kibali maalumu mwishoni mwa mwaka wa 1943. Mafunzo aliyamaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, kisha Julai 1944 akatumwa Chuo Kikuu cha Harvard, mahali ambapo palikuwa na mashine iliyoitwa Mark I.

Sasa hebu fikiria tarakilishi yenye urefu wa mita 15 na ushei. Darasa letu haliitoshi. Ilikuwa na uzito wa tani tano hivi, na kwa sekunde moja iliweza kujumlisha mara tatu tu. Kuzidisha kulichukua sekunde kama sita. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu baada ya tundu, kwa nambari tupu. Tundu moja likikosewa, hesabu yote imeharibika. Hopper aliandika kitabu cha maelezo ya mashine hiyo chenye kurasa zaidi ya 500, kikatoka mwaka wa 1946.

Hapa lazima nisahihishe hadithi moja ambayo watu huisimulia vibaya. Wengi husema kwamba yeye ndiye aliyemkuta nondo ndani ya mashine na ndipo kosa la programu likaanza kuitwa mdudu. Nondo ni kweli alipatikana, tarehe 9 Septemba 1947, katika mashine iliyofuata, Mark II, na mafundi wakambandika kwenye daftari la kazi. Daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Lakini si Hopper aliyemkuta. Yeye aliipenda tu hadithi hiyo na kuisimulia mara kwa mara. Na neno mdudu kwa maana ya hitilafu lilikuwa likitumiwa na mafundi tangu karne ya 19, akiwemo Thomas Edison. Sifa zake zinatosha, hana haja ya kuongezewa nondo.

Mwaka wa 1949 alihamia Philadelphia kwenye kampuni iliyokuwa ikitengeneza tarakilishi ya UNIVAC. Huko ndiko alikofanya lile jambo lililonifanya nishike kalamu.

Aliona kwamba waandishi wa programu walirudia kazi ile ile kila siku. Mmoja ameshaandika namna ya kutafuta kipeo cha pili, mwingine anainakili kwa mkono, ananakili vibaya, siku nzima inapotea kutafuta kosa. Akajiuliza kwa nini mashine yenyewe isiifanye kazi hiyo ya kunakili. Kati ya mwaka wa 1951 na 1952 akaandika programu aliyoiita A-0. Vipande vya programu vilikaa kwenye utepe kama vitabu vya maktaba, kila kimoja na nambari yake ya kuitwa. Mtu akiandika nambari za vipande anavyovitaka, A-0 ilivikusanya na kuviunganisha viwe programu moja. Kwa sababu ya huko kukusanya, akaiita kompaila. Wataalamu wa leo husema A-0 ilifanana zaidi na kiunganishi kuliko kompaila tunayoijua sasa, na nadhani wana haki. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Ati hakuna aliyemwamini! Waliambiana kuwa mashine kazi yake ni hesabu, haiwezi kujiandikia programu.

Mwaka wa 1953 ilitoka A-2, na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Wateja walipewa programu pamoja na maandishi yake ya asili, yale ambayo kampuni nyingi huyafungia kabatini, wakaombwa wairekebishe na kurudisha marekebisho yao. Leo tunaiita programu huria. Miaka ile haikuwa na jina.

Kisha akaja na ombi kubwa zaidi: watu waandike maagizo kwa maneno ya kawaida badala ya alama. Wakubwa wakamjibu kuwa tarakilishi haielewi Kiingereza. Ili kuwashawishi alitayarisha maonyesho madogo ambayo maagizo yale yale yaliandikwa kwa Kiingereza, halafu kwa Kifaransa, halafu kwa Kijerumani. Kwa mashine ilikuwa ni mamoja, kwani neno ni alama tu, ukibadilisha alama hujabadilisha kazi. Lakini wakubwa walishtuka vibaya sana kusikia kwamba tarakilishi iliyotengenezwa Marekani inaweza kuelewa Kifaransa. Ikabidi aahidi kwamba itatumia Kiingereza peke yake ndipo apewe fedha. Mwalimu wangu, jibu lako ndilo hilo. Kama Kifaransa kiliwezekana mwaka ule, na Kiswahili kiliwezekana. Kilichotuzuia ni woga wa watu, mashine haikuwa na neno.

Programu hiyo ikawa FLOW-MATIC, na kutokana nayo ikazaliwa lugha ya COBOL. Mei 1959 wajumbe wa serikali na makampuni walikutana katika makao makuu ya jeshi la Marekani, wakaamua iwepo lugha moja ya biashara kwa mashine zote. Hopper hakuiandika COBOL peke yake kama inavyodaiwa. Ilikuwa kazi ya kamati, akiwemo bibi mwingine, Jean Sammet, na Hopper alikuwa mshauri. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za makampuni mawili tofauti, RCA 501 na UNIVAC II, na ikafanya kazi katika zote mbili bila kuandikwa upya.

Msomaji asiyependa tarakilishi huenda akauliza hayo yana ajabu gani. Nitakueleza kwa mfano wa hapa Mukuyuni. Nyanya yangu huzungumza Kikamba tu. Akienda hospitalini mimi hukaa katikati, daktari anasema kwa Kiswahili, nami namgeuzia nyanya. Kila tarakilishi ina Kikamba chake, yaani nambari ambazo ubongo wake unazielewa. Ubongo wa simu nyingi ni wa aina ya ARM, na wa tarakilishi nyingi za mezani ni wa aina ya Intel, na havisikilizani hata kidogo. Kompaila ndiyo mkalimani. Tena mkalimani si lazima akae na mgonjwa. Anaweza kukaa Mukuyuni akaifasiri barua kwa Kijaluo, ikaenda kusomwa Kisumu. Ndivyo programu za simu zinavyotengenezwa: tarakilishi kubwa yenye nguvu hufasiri kwa lugha ya simu, ingawa yenyewe haiwezi kuiendesha kazi ile.

Shangazi yangu ana simu ya Android ambayo hunikopesha jioni nikimaliza kuosha vyombo. Nimeweka humo programu huria iitwayo Termux, ambayo hufungua kioo cheusi cha kuandika amri. Ndani yake mtu hupata programu za Linux ambazo zamani ziliandikiwa tarakilishi kubwa. Watu wa kujitolea huzifasiri kwa ajili ya simu, na kazi haiishii kwenye kufasiri. Programu za Linux hutarajia kukuta saraka ya /usr, na Android haina saraka hiyo, kwa hivyo huwekewa viraka ili zitafute vitu vyao ndani ya chumba cha Termux peke yake. Halafu hufungwa vifurushi (si vile vya intaneti tunavyonunua dukani), na kila kifurushi huorodhesha vifurushi vingine kinavyovitegemea. Unaandika amri moja, pkg install, na vyote vinakuja. Ukitazama vizuri ni ile maktaba ya utepe ya bibi Hopper.

Mimi na mwenzangu wa kidato cha tatu tumeandika kwa lugha ya C programu ndogo ya kutafuta methali. Ilipokubali kwenye simu tuliichukua kwa flashi hadi kwa jamaa mwenye tarakilishi ya Linux pale sokoni. Ile iliyokwisha kufasiriwa ilikataa kata kata, kwani ilikuwa na lugha ya ARM. Tulipofasiri upya maandishi yetu ya asili palepale, ikafunguka. Hatukubadilisha hata herufi moja. Kuna wanaosema kuwa somo la tarakilishi ni la shule za bweni zenye maabara, na kwamba sisi wa kutwa tunapoteza wakati. Mimi nimewajibu kwa flashi.

Turudi kwa bibi yetu. Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa mwaka wa 1966. Baada ya miezi saba hivi likamwita tena, Agosti 1967, eti kwa miezi sita, ili azinyooshe programu zao za COBOL ambazo kila ofisi ilikuwa imezipinda kivyake. Miezi sita ikawa miaka 19! Alizunguka akihutubia, akigawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, ambao ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ofisini kwake kulikuwa na saa inayozunguka kinyumenyume, kuwakumbusha watu kwamba mazoea si sheria. Alistaafu Agosti 1986 akiwa admirali mwenye umri wa miaka 79, kisha akaajiriwa tena na kampuni ya Digital kama mshauri. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa katika makaburi ya Arlington. Meli ya kivita USS Hopper ilianza kazi mwaka wa 1997, na mwaka wa 2016 Rais Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru, miaka 24 baada ya kifo chake.

Anayeitaka ile programu ya methali aniletee flashi Ijumaa wakati wa chama. Maandishi yake ya asili yamo, na atakayeongeza methali anirudishie. Hadi naandika haya tumefika herufi K.