Maisha ya Abu Bakr ar-Razi, Tabibu wa Mawe ya Figo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twawaletea ndugu zetu wa Kilwa na Lindi khabari za mtu ambaye jina lake lajulikana na faida yake imesahauliwa.

Naye ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi. Alizaliwa mwaka 251 wa Hijra (865) katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, katika nchi ya Uajemi. Alisimamia hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad, akatunga vitabu vingi, kikiwamo kile cha ndui na surua. Katika falsafa yake wanazuoni walimrudi, na haki ilikuwa yao. Ama utabibu wake waliupokea.

Vitabu vyake viwili vyatuhusu. Kimoja ni risala juu ya mawe ya figo na kibofu, iliyopigwa chapa Leiden mwaka 1896 pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Cha pili alikiandika kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye. Maana aliona kuwa elimu ya maradhi si ya tabibu peke yake. Mgonjwa naye yampasa aijue. Tena alimnasihi mgonjwa ashikamane na tabibu mmoja amwaminiye, asitangetange kwa wengi.

Nasaha hii twaihitaji. Pwani yetu ni ya joto. Mvuvi na mkulima hutoka jasho mchana kutwa na maji hunywa kidogo, mkojo ukawa mzito, na chumvi zake zikagandamana zikawa jiwe. Jiwe likisha kuvunjwa au kutolewa, maumivu hukoma, na mtu hudhani maradhi yamekwisha. Sivyo. Katika wasiojihadhari, karibu nusu hurudiwa ndani ya miaka 10.

Basi anywe maji, ila kama tabibu amemkataza, hata mkojo wake ufikilie lita 2 na nusu kwa siku, nao uwe mwepesi. Apunguze chumvi, khasa papa mkavu na ng'onda, wala asiache maziwa kwa rai yake mwenyewe. Akiwa ametiwa mpira mwembamba katika njia ya mkojo, asiisahau siku ya kuutoa, kwani ukiachwa hugandwa na mawe, njia ikaziba na figo ikaharibika. Akipata homa na maumivu ya ubavu, au mkojo ukizuilika, arudi hospitali siku ile ile. Na katika Ramadhani, tabibu mwaminifu akimwambia kuwa saumu itamdhuru, ana rukhsa ya kula kisha alipe. Mwili ni amana.

Mwisho wa umri wake ar-Razi alipofuka. Husimuliwa kuwa aliletewa mtu wa kumtibu macho, akamwuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule asijue, naye akakataa kutibiwa na asiyejua. Alifariki Rayy mwaka 313 (925).

Kisa hiki chatufunza kuwa kuuliza ni haki ya mgonjwa, na kushika alilojibiwa ni wajibu wake. Basi, ndugu yangu, utokapo hospitali usione haya: uliza unywe nini, ule nini, urudi lini. Kisha ushike, hata baada ya maumivu kukoma.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.